Mercedes-Benz mitaani Eastlands: Bei ya kulinunua hushuka, gharama ya kulitunza haishuki

UKISIMAMA kando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi asubuhi ya siku ya kazi, hutakosa kuiona nyota yenye ncha tatu ikipenya katikati ya msongamano wa matatu, mikokoteni na bodaboda. Baadhi ya magari yanayoibeba nyota hiyo ni mapya na yanang'aa. Mengine ni makuukuu, yakiwa na nambari za usajili za mfululizo wa KA, uliotumika nchini kuanzia 1989 hadi 2007. Rangi yake imepauka na viti vimechanika, lakini bado yanatembea.

Gari hilo ni Mercedes-Benz, ambalo kwa zaidi ya nusu karne limekuwa kipimo cha ukwasi katika Afrika Mashariki. Zamani lilikuwa gari la waziri, balozi na mkurugenzi wa benki. Leo mwalimu anayeishi Umoja, mfanyabiashara wa Gikomba au fundi wa Kariobangi anaweza kulipata lililotumika kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ndogo, na wakati mwingine chini ya hapo.

Hapo ndipo kauli za wamiliki zinapotofautiana. Wapo wanaoapa kwamba hawatawahi kuendesha gari jingine maishani. Wapo pia waliolipungia gari hilo mkono wa buriani kwa bei ya kutupa, huku mkopo wa chama cha akiba na mikopo waliolinunulia ukiwa bado haujalipwa. Pande zote mbili zinasema kweli. Ili kufahamu sababu, sharti mtu aijue historia ya gari lenyewe, aina zake mbalimbali, na mazingira ya mitaa linakotumika.

Chimbuko lake

Mnamo Januari 29, 1886, Karl Benz wa mji wa Mannheim, Ujerumani, aliwasilisha ombi la hataza ya gari la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa injini ya petroli. Mwaka huohuo, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach, waliokuwa Cannstatt karibu na Stuttgart, walitia injini katika kigari kilichoundwa kukokotwa na farasi. Benz na Daimler walikuwa mahasimu wa kibiashara, wala hawakuwahi kufanya kazi pamoja.

Aliyeuthibitishia ulimwengu kwamba chombo hicho kingeweza kusafiri masafa marefu alikuwa mwanamke. Agosti 1888, Bertha Benz, mkewe Karl, alilichukua gari la mumewe akiwa na wanawe wawili na kuliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya takriban kilomita 100. Njiani alinunua mafuta katika duka la dawa mjini Wiesloch, akazibua mrija wa mafuta kwa pini ya kofia, na kumtaka mshona viatu atie ngozi kwenye breki zilizokuwa zimelika. Kwa lugha ya Nairobi, safari ya kwanza ndefu ya gari ilikamilika kwa ufundi wa jua kali.

Jina Mercedes lilitokana na binti ya Emil Jellinek, mfanyabiashara aliyeuza magari ya Daimler katika mji wa Nice, Ufaransa. Jellinek aliagiza gari jepesi na lenye kasi zaidi, akataka liitwe kwa jina la bintiye. Jina hilo lilisajiliwa 1902, nayo nyota yenye ncha tatu ikasajiliwa 1909, ncha zake zikiashiria matumizi ya injini nchi kavu, majini na angani. Kampuni za Benz na Daimler ziliungana 1926 kutokana na hali ngumu ya uchumi iliyofuatia Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, na ndipo jina Mercedes-Benz lilipozaliwa.

Sifa ya gari hili haikujengwa na anasa pekee. Mwaka 1951, mhandisi wa kampuni hiyo, Béla Barényi, aliombea hataza muundo wa gari ambalo sehemu zake za mbele na nyuma hukunjamana linapogongana ili wasafiri waliomo ndani wasiumie. Muundo huo uliingizwa katika magari ya kuuzwa 1959. Breki zinazozuia magurudumu kujifunga zilifuata 1978, na mifuko ya hewa mapema katika miaka ya 1980. Mambo haya leo yanapatikana hata katika magari ya bei nafuu.

Kufika Afrika Mashariki

Nchini Kenya, jina la Mercedes-Benz lilifungamana kwa miongo mingi na kampuni ya DT Dobie, iliyokuwa wakala wake, na ambayo jengo lake lilisimama katika Barabara ya Lusaka, Eneo la Viwandani. Eneo hilo limetenganishwa na mitaa ya Makongeni na Kaloleni na reli tu. Kwa hivyo gari la matajiri liliuzwa na kutengenezwa hatua chache kutoka kwa nyumba za wafanyakazi.

Mashindano ya Safari Rally ndiyo yaliyolipatia gari hili heshima hata kwa watu ambao hawakuwa na baiskeli. Mwaka 1959 na 1960, Bill Fritschy na Jack Ellis walishinda wakiendesha Mercedes-Benz 219. Mwaka 1961, John Manussis alishinda kwa 220 SE. Ushindi wa mara tatu mfululizo, katika matope na vumbi la barabara za enzi hizo, ulitosha kuwashawishi watu kwamba gari hili la kifahari halikuwa la kubembelezwa kwenye lami tu. Mwaka 1979, Hannu Mikkola wa Finland alimaliza wa pili kwa Mercedes-Benz, nyuma ya Shekhar Mehta wa Kenya.

Baada ya uhuru, nyota hiyo ilipata maana nyingine. Viongozi wapya walipoanza kupanda magari hayo, wananchi walichukua kiambishi kinachotumiwa kutaja jamii za watu, kama vile Wakamba au Wameru, na kuwaita viongozi hao Wabenzi. Likawa kabila jipya lisilo na kijiji wala lugha yake, linalotambulika kwa gari pekee. Neno hilo lilienea Afrika nzima na kuingia hata katika kamusi za Kiingereza. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi wa 1975, Secret Lives, ana hadithi iitwayo A Mercedes Funeral, kuhusu maskini ambaye wanasiasa wanashindana kumzika kwa fahari na ambaye jeneza moja linaundwa kwa mfano wa Mercedes. Kejeli hiyo ilieleweka upesi, kwa kuwa wasomaji waliwajua Wabenzi wao.

Serikali yenyewe ilikuja kuona haya baadaye. Mwaka 2009, mawaziri nchini Kenya waliagizwa warejeshe magari makubwa yaliyokuwa yakila mafuta mengi, na Volkswagen Passat zenye injini ya 1,800cc zikanunuliwa badala yake.

Lilivyoingia mitaani

Eastlands si mtaa mmoja. Kuna mitaa mikongwe iliyojengewa wafanyakazi enzi za ukoloni, kama vile Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na Jericho. Kuna Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tangu miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa tabaka la kati waliolipia nyumba zao polepole. Kisha kuna Umoja, Dandora, Kayole, Donholm na Komarock. Mercedes za kwanza kuegeshwa huku zilikuwa za wachache sana: daktari, wakili au mfanyabiashara aliyefaulu lakini hakutaka kuhama mtaa.

Mambo yalibadilika kwa njia tatu. Kwanza, wizara na mashirika yalipoyachoka magari yao, yaliyapiga mnada. Pili, balozi na wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa waliuza yao walipomaliza muhula wa kazi nchini. Tatu, ambayo ndiyo kubwa zaidi, ni kulegezwa kwa masharti ya fedha za kigeni na uagizaji wa bidhaa mapema miaka ya 1990. Magari yaliyotumika Japani na Uingereza yaliingia kwa wingi kupitia bandari ya Mombasa.

Uagizaji huo una mipaka. Kanuni ya ubora ya KS 1515:2000 inakataza kuingizwa nchini kwa magari yaliyozidi miaka minane tangu yasajiliwe mara ya kwanza, na inataka usukani uwe upande wa kulia. Aidha, Mamlaka ya Ushuru (KRA) hukadiria ushuru kwa kuanza na bei ya gari likiwa jipya, kisha hupunguza kulingana na umri wake. Kwa sababu hiyo, kuagiza Mercedes moja kwa moja bado ni shughuli ya wenye nazo. Wakazi wengi wa Eastlands hulipata gari hili likiwa tayari limepitia mikono miwili au mitatu humu humu nchini.

Mnunuzi wa tatu sharti alifahamu jambo hili. Mmiliki wa kwanza hulifurahia gari likiwa jipya. Wa pili hulitumia hadi matengenezo makubwa yanapobisha hodi, kisha huliuza. Wa tatu hulinunua kwa bei nafuu, na pamoja na gari hurithi matengenezo yote yaliyoahirishwa na wenzake.

Wanaolisifu

Wamiliki wanaolisifu gari hili bila kusita aghalabu ni wale wenye matoleo ya zamani. Linaloongoza kwa sifa ni lile linalojulikana kwa nambari ya kiwandani W123, lililoundwa kati ya 1976 na 1986. Magari takriban milioni 2.7 ya aina hiyo yaliundwa, na kwa miaka mingi yalikuwa teksi kuanzia Morocco hadi Lebanon. Lililofuata, W124, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa 1984, lina wapenzi vilevile, pamoja na dogo lake, 190E.

Ubora wa magari haya katika mazingira ya Eastlands una sababu. Bodi yake ni ya bati nzito, injini za dizeli hazina kompyuta, na sehemu nyingi zilibuniwa ili zifunguliwe, zirekebishwe na kurudishwa. Fundi wa Kariobangi Light Industries aliyejifunza kazi kwa kumshikia mwenzake spana anaweza kuipasua injini ya namna hiyo na kuiunganisha tena bila kifaa chochote cha umeme. Matairi yenye kuta nene na springi laini huyamudu mashimo na matuta ambayo huwatesa wenye magari ya chini.

Ushahidi maarufu zaidi wa uimara huo ulitoka Ugiriki. Dereva wa teksi Gregorios Sachinidis aliendesha Mercedes-Benz 240 D ya mwaka 1976 kwa kilomita milioni 4.6, kisha akaikabidhi kampuni hiyo 2004 ili ihifadhiwe katika makavazi yake. Wengi hukitaja kisa hiki lakini huacha sehemu muhimu: Sachinidis alibadilisha injini mara kadhaa katika safari hiyo yote. Gari lake halikudumu kwa kupuuzwa. Lilidumu kwa kuhudumiwa. Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa.

Wanaolilaumu

Malalamiko mengi yanawahusu wenye magari yaliyoundwa tangu katikati ya miaka ya 1990. Kipindi hicho magari ya Mercedes yalianza kujaa vifaa vya elektroniki, na sifa yake ya kutokuwa na hitilafu ikatetereka duniani kote. E-Class ya 1995 hadi 2003, yenye taa za mviringo, ilipata sifa mbaya ya kushika kutu upesi. Nairobi ni kavu kuliko Mombasa, lakini gari lililotoka Uingereza, ambako chumvi humwagwa barabarani wakati wa theluji, laweza kuwasili likiwa limeshaliwa chini ya rangi.

E-Class iliyofuata ilikuwa na breki zinazotegemea kompyuta. Mwaka 2004, kampuni iliita takriban magari 680,000 kwa sababu ya hitilafu katika mfumo huo, na 2005 ikaita mengine milioni 1.3 kwa matatizo ya vifaa vya umeme pamoja na breki. Hatimaye mfumo huo wa breki uliachwa.

Gari linaloonekana kwa wingi zaidi Eastlands ni C-Class, hasa C180 na C200 zenye maandishi ya Kompressor. Baadhi yake ziliundwa Afrika, katika kiwanda cha East London, Afrika Kusini. Injini ya 1,796cc iliyotiwa katika magari hayo tangu 2002 haili mafuta mengi na ina nguvu za kutosha. Udhaifu wake ni mnyororo wa ndani unaoratibu mwendo wa vali, ambao hulegea oili isipobadilishwa kwa wakati. Mnyororo huo ukiruka meno, injini huweza kuharibika kabisa. Mlio wa mkwaruzo wa sekunde chache injini inapowashwa asubuhi ni onyo ambalo wengi hulisikia na kulipuuza.

Giaboksi nayo imewakosanisha wengi na gari hili. Otomatiki ya gia tano iliyotumika tangu katikati ya miaka ya 1990 ilitangazwa kwamba oili yake haikuhitaji kubadilishwa. Baadaye kampuni ilibadilisha ushauri huo, lakini habari hazikuwafikia wote. Hadi leo kuna gari ambalo limepita mikono minne bila oili ya giaboksi kuguswa. Nayo magari makubwa yanayobebwa kwa mifuko ya hewa badala ya springi huamka yamelala chini upande mmoja pindi mfuko unapopasuka, na matuta ya mitaani huharakisha siku hiyo.

Wenye injini mpya za dizeli walikuwa na kilio chao cha ziada. Hadi Kenya na majirani zake walipoanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo mnamo 2015, mafuta yaliyouzwa hapa hayakuzifaa injini zilizobuniwa kwa ajili ya Ulaya.

Kipuri na fundi

Chanzo kikuu cha majuto ni hesabu moja ambayo wanunuzi wengi hawaifanyi. Thamani ya gari hupungua kila mwaka, lakini vipuri vyake havifuati mkondo huo. Taa ya mbele au kompyuta ya injini hupewa bei kwa kuzingatia gari ambalo lilipokuwa jipya liligharimu mamilioni. Mtu aliyelinunua kwa bei ya Toyota bado atalitengeneza kwa bei ya Mercedes.

Wengi hukimbilia Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wanaiita Grogan, au vibanda vya mitaani, kutafuta vipuri vilivyong'olewa kwa magari mengine. Huko mtu aweza kuokoa nusu ya gharama au zaidi, au apoteze fedha zake zote kwa kuuziwa kipuri bandia. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia ilipitishwa 2008 na taasisi ya kuitekeleza ikaundwa, lakini mnunuzi ndiye mlinzi wa kwanza wa mfuko wake.

Kuhusu mafundi, ujuzi upo lakini hauko sawa kila mahali. Fundi wa gari la kompyuta anahitaji mashine ya kusoma hitilafu na, muhimu zaidi, uwezo wa kufasiri inachokisema. Asiye na ujuzi huo hufuta taa ya onyo kwenye dashibodi bila kuondoa kasoro, au hubadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa kubahatisha, na mwenye gari ndiye anayelipia bahatinasibu hiyo. Bandubandu humaliza gogo.

Fauka ya hayo kuna bei ya nyota. Anayefika na Mercedes gerejini, sokoni au kwenye mchango wa matanga hutarajiwa kutoa zaidi ya mwenye gari la kawaida, hata kama jirani huyo mwenye gari la kawaida ndiye tajiri. Usalama nao ni tatizo. Mtaani ambako nyumba hazina ua na magari huegeshwa nje, vioo vya pembeni, taa na hata nyota yenyewe huweza kung'olewa usiku. Hivyo ada ya maegesho yenye mlinzi sharti ihesabiwe tangu mwanzo.

Kabla ya kununua

Anayekusudia kulinunua gari hili ana mambo machache ya kuzingatia. Kwanza, ahakikishe hati ya umiliki kupitia Mamlaka ya Usalama Barabarani (NTSA), kwani gari laweza kuwa dhamana ya mkopo ambao haujalipwa. Alinganishe pia nambari ya chesi, yenye tarakimu na herufi 17, na ile iliyo katika hati.

Pili, aombe kumbukumbu za huduma. Gari la miaka 20 lenye karatasi zote ni afadhali kuliko la miaka 12 lisilo na historia. Tatu, alifikie gari injini ikiwa baridi na kuliwasha mwenyewe, kwa sababu muuzaji anayelipasha moto mapema huenda anaficha mlio. Nne, alipie uchunguzi wa kompyuta kwa fundi asiyejuana na muuzaji. Tano, aulize kampuni ya bima mapema, kwani nyingi husita kuyakatia magari makuukuu bima kamili.

La mwisho ndilo zito zaidi: asitumie akiba yake yote kununua. Mwenye uwezo wa kutoa kiasi fulani na anunue gari la chini ya hapo, kisha kinachobaki akiweke kando kwa ajili ya matengenezo ya mwaka wa kwanza. Asiyeweza kubakisha kitu bado hajafikia kulimiliki, hata kama muuzaji yu tayari kumkabidhi funguo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta wa Mercedes ni ghali.

Wanaolisifu gari hili Buruburu na wanaolilaani Kayole huenda wanazungumzia gari lilelile, lililotoka kiwanda kimoja katika mwaka mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja alilihudumia kabla ya kuharibika, naye mwingine akasubiri liharibike. Bertha Benz aliikamilisha safari yake ya 1888 kwa sababu kila hitilafu iliyotokea njiani aliitafutia dawa papo hapo.